Maneti Mbili

Katika chumba cha Papa Monga, Katuba,
nyuma ya duka la unga na makaa,
malipo ni faranga mia tano kwa nusu saa,
na maneti ya pili mia mbili juu yake.
Nalipia mbili.
Watu wanadhani namsubiri mtu.

Kyungu, wewe ulitangulia kutoka tumboni
kwa dakika kumi na moja, ukajiita mkubwa,
lakini hesabu ya pigo nilikufundisha mimi:
nguvu ya panga, toa ugumu wa ngozi,
kinachobaki zidisha mara mbili ukilipata jitu kisogoni.
Wewe ulibonyeza tu. Ulibonyeza kama mtu anayetwanga,
ukavunja kitufe cha duara, mama akalipa.
Nilikwambia: kitufe hakijui hasira.
Ukigonge kwa kidole, ukigonge kwa nyundo,
pigo ni lile lile, thelathini na nane.

Kinachojua ni wakati.
Jitu la mawe likiinua mkono wa kushoto, hesabu moja,
biringika. Ndani ya kubiringika kuna nukta nyembamba
ambamo hakuna kinachokugusa,
si moto, si rungu, si jiwe.
Nukta hiyo uliipenda. Ulisema: Kabange,
ningehamia humo na godoro langu.

Ukahamia Kolwezi,
na gunia, tochi ya kichwani, viatu vya mjomba.
Huko mnashuka kwa kamba, umeniambia, mita ishirini na tano,
na siku nyingine ukuta unapumua.
Siulizi unabiringikia wapi.

Hapa mtu wako bado amesimama.
Amevaa koti jekundu ulilomchagulia,
anapandisha mabega, anayashusha, anangoja kidole.
Mashine haijui kwamba umekwenda;
inajua tu kwamba maneti imechomekwa.

Sumu ndiyo inayoninyima usingizi.
Panga hukata mara moja, namba kubwa nyeupe inaruka, yamekwisha.
Sumu hutoa tatu, kisha tatu, kisha tatu,
namba ndogo za kijani, kijani cha malakiti,
zikipanda juu ya kichwa kama mvuke wa bukari.
Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa;
katika mchezo huu haba na haba hukikausha.
Jana kwenye simu ulikohoa mara nne.
Nilihesabu. Juu ya sauti hakuna namba.
Uhai wako umebaki ngapi? nikauliza kwa utani,
ukacheka: umejaa, dada, umejaa mpaka unamwagika.
Lakini nakujua. Hata hapa hukuwa unakunywa dawa
mpaka mstari uwe mwekundu na kengele ianze kulia.

Jambo moja sikukufundisha, maana nimeligundua juzi:
jitu halimfuati aliye karibu.
Halimfuati hata mdhaifu.
Humfuata yule aliyeliumiza zaidi.
Basi nalipiga. Nalipiga panga likiwa butu,
pigo la saba, pigo la sita, pigo la moja, la aibu,
ili ligeuke, ili lisikuone
ulivyosimama na koti lako.
Linageuka. Linanijia na mikono yote.

Ningejua ardhi ya Kolwezi inaumia wapi
ningeipiga hapo.

Umeme unakatika.
Papa Monga anaitukana kampuni ya umeme na ukoo wake wote,
anavuta kamba ya jenereta, mara ya kwanza, ya pili,
watoto wanapiga mluzi gizani.
Jitu lilikuwa limebakiwa na mia na kumi.

Mwanga unarudi, tunaanza tena mlangoni:
jitu limejaa, mimi nimejaa, nawe umejaa,
kando yangu, mabega juu, mabega chini.
Papa Monga anainama kwenye nyaya.
Hii ya pili, anauliza, niichomoe?

Naweka mia mbili mezani.