Kushoto Kwanza

Ijumaa, sinema ya Wrexham, mvua isiyochoka,
mimi na mama, bisi pakiti moja.
Yule Gethin wa kitabu chetu,
mvulana aliyemtwanga jitu la ukungu kwa kiatu kimoja,
ana kitambi. Anauza magodoro kwa mkopo.
Mgongo unamuuma.

Jitu naye kastaafu, kapanga chumba cha chini
(cha juu wenye nyumba walikataa katakata).
Wanakutana kwenye foleni ya dawa za goti:
"Samahani, tumewahi kuonana?"
Ukumbi ukaangua kicheko.

Na Eirlys, binti aliyeongea na mito,
sasa ni afisa wa idara ya maji:
anaiandikia mito barua za madai,
nakala kwa mwanasheria.
Nilicheka hadi bisi zikanipalia.

Mama hakucheka.
Ndiye aliyenisomea, usiku hadi usiku,
sauti nzito ya jitu, nyembamba ya mto,
akiuruka ukurasa wa tisini, maana mbwa anakufa.
Nilijua. Sikumwambia.

Kisha muuza magodoro akainama kufunga kamba,
kushoto kwanza, fundo mara mbili,
kama kwenye ile picha ya mwanzo, iliyochakaa kwa vidole vyetu.
Mama akanibana mkono.
"Ni yeye," akanong'ona. "Nilidhani wamemuua."

Nje, mvua ile ile.
Kamba yake ilikuwa imelegea,
na kuinama, siku hizi, kwake ni safari.
Nikapiga goti kwenye maji.
Akatangulia kunipa mguu wa kulia.
Nikausubiri wa kushoto.