Mifumbati

Gathoni alituma picha kutoka huko aliko:
koti jekundu, amesimama juu ya mbao mbili nyembamba,
nyuma yake mlima mweupe kama gunia la unga lililopasuka.
"Baba, nimeanguka mara kumi na moja.
Hizi zinaitwa skii. Wewe ungeweza kuzitengeneza."

Hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi.

Mimi ni fundi, hapa Elburgon. Nimeunda vitanda,
madawati, majeneza ya watu waliokufa na deni langu.
Ubao nikiugonga kwa kidole huniambia umri wake.
Lakini ubao wa kumbeba mtu angali hai,
mbio, kuelekea bondeni,
huo sijawahi kuulizwa bei.

Nilianza na saipresi, maana ndiyo imejaa mjini.
Tukasimamisha bomba juu ya sufuria ya harusi
tuliyoazima kanisani bila kueleza sana,
tukaziba mdomo kwa matambara, tukakoka moto wa maranda.
Sigei, mwanagenzi wangu, alihesabu dakika.
Ubao ukatoka mlegevu kama mkate uliochovywa chai,
tukaubana kwenye kalibu, ukakubali, ukakubali,
halafu ta! Kwenye fundo.
Wa pili vilevile. Wa tatu ulingoja nigeuke.
"Saipresi haina subira," nikasema.
Sigei akasema, "Au sisi."

Usiku niliingia chumba cha Gathoni.
Kitanda nilichompa alipofika darasa la tano
ni cha muhuru, nyuzi zimenyooka kama nywele zilizochanwa.
Mifumbati miwili. Futi sita na nusu.
Nilikikalia kidogo,
kisha nikatoa bisibisi mfukoni.

Upande wa ndani, gizani miaka yote hiyo,
kulikuwa na hesabu ya kugawanya, jibu si sahihi,
na jina la mvulana lililokatwa kwa kalamu.
Hapo sikupitisha randa.

Muhuru ulipikwa saa nzima ukapinda bila neno,
ncha zikainuka kama pua za mbwa wanaonusa mvua.
Mikanda tuliikata kwenye tairi.
Chini nikapaka nta ya mishumaa, nikapitisha pasi ya makaa.

"Na hiyo theluji iko wapi?" Zipora aliuliza mlangoni.
Kuhusu kitanda hakuuliza.
Hiyo ndiyo iliyonitisha.

Wiki saba ziliegemea ukuta,
kati ya jeneza dogo na kabati la mwalimu asiyelipa.
Kisha alasiri moja ya Aprili mbingu ikawa rangi ya risasi,
mabati yakapigwa hata tukaongea kwa mikono.
Dakika ishirini. Halafu kimya.
Shamba la viazi, mteremko wote hadi mtoni, jeupe.

Nilizitia begani kabla sijafikiri.
Zipora alikuwa amenitangulia. Alisimama kati ya matuta
na shina moja mkononi, halina jani.
Miezi miwili ya mgongo wake.
Na mimi hapo, kama mtu aliyekuja matangani na ngoma.

"Nitazirudisha kitandani," nikasema.
Akazitazama. Akautazama mteremko.
"Viazi vimeshakwenda. Na haya mawe yanayeyuka.
Funga hayo matairi."

Nilikwenda hatua ishirini. Labda kumi na nane.
Mvua ya mawe ilinguruma chini yangu
kama mahindi yakimwagwa kwenye debe,
na kilichonibeba hakikuwa miguu.
Kisha mtaro. Kisha tope mdomoni.
Nilipoinuka, Zipora alikuwa ameziba uso kwa leso,
mabega yakitikisika.
Sikujua kama ni kilio au kicheko, na sikuuliza.

Jioni nilimwandikia Gathoni:
Mimi nimeanguka mara moja tu.
Akajibu: Umeangukia wapi?

Nikaandika, kitandani kwako. Nikafuta.
Nikaandika, shambani.