Kabla Hujawasha

Zima kwanza hiyo simu, Mshamu,
iweke kwenye kopo la chumvi, lile tupu.
Huyo kijana wako mwenye aproni nyeupe
nimemtazama mara tatu, na mara zote tatu
moto wake umekolea kabla hajapepea,
samaki wake ameiva kabla jasho halijamtoka.
Kuna mahali wamekata katikati,
na walipopakata ndipo penye kazi.

Jana alikuambia, "Ganda lolote kavu linafaa kuwashia."
Huko kwao, labda. Hapa Chikongola
ganda kavu ni la korosho,
nawe ukalijaza jiko zima.
Moshi ule umemliza hadi fundi cherehani ng'ambo ya barabara,
Mama Somoe amefunga genge saa kumi mchana,
na vidole vyako, hebu vitazame, vimebabuka
kama vya mbanguaji wa msimu wa kwanza.
Mimi sikucheka.
Nilicheka, ila nilikwenda uani.

Basi, makumbi ya nazi. Machache, yaliyochambuliwa.
Mafuta ya taa waachie wenye vibatari:
changu hasahau harufu, atakushtaki mezani.
Makaa yagonganishe mawili karibu na sikio;
yakilia kama kigae, chukua,
yakinyamaza, yamelala na umande,
yatakurushia cheche kifuani.
Pepea chini, mdomoni mwa jiko.
Halafu ngoja.

Hapa ndipo video yako inapoweka muziki.
Sisi hatuna muziki. Tunangoja
mpaka wekundu upunguze makeke,
makaa yavae majivu
kama mtoto aliyechezea unga wa muhogo.
Ndipo uyasukume upande mmoja,
upande wa pili uache wazi:
mafuta yakidondoka, moto ukiruka,
hapo ndipo pa kumkimbizia samaki.
Maji usimwage. Utapika majivu.

Paka wavu mafuta kwa nusu ya kitunguu.
Tandaza kiganja juu yake, uende safari polepole:
Mtwara... Mikindani... Mpapura... Mnazi Mmoja... Lindi.
Ukiondoa mkono kabla ya Mikindani, moto bado mkali.
Ukifika Lindi unaangaza tu kama abiria,
ongeza makaa.

Laza tasi. Sasa usimguse.
Najua mkono unawasha.
Hajawa tayari ataung'ang'ania wavu, umchane ngozi bure;
akiwa tayari atajiachia mwenyewe.
Na ukwaju wenye sukari ngoja mwisho,
sukari haina subira, huungua kabla nyama haijajua.

"Dakika ngapi, shangazi?"
Umeniuliza mara nne.
Sijui dakika ngapi, wallahi.
Miaka kumi na tisa kwenye kona hii
sijawahi kuchoma samaki wawili wa dakika moja.

Juzi ulinirekodi, ukasema tutawafundisha watu vizuri.
Tukatazama pamoja usiku, umeme ukikatika na kurudi:
mkono wangu, moshi, mkono wangu,
kisha muda mrefu nimeinama, sifanyi lolote.
"Hapa tupakate," ukasema, "hapa hakuna kitu."

Hapo nilikuwa nanusa, Mshamu.

Haya, inama na wewe.
Unasikia?
Bado.
Bado.

Geuza.