Dakika Kumi Zangu

Kisigino cha kushoto kilinisaliti Buxton,
nikirudi kutoka ng'ambo, daraja la Nyali nimeliacha nyuma,
kilomita ya kumi na nne,
mwadhini akikohoa kabla ya kuanza.
Nikasikia kitu kikivutika ndani
kama uzi wa cherehani unaokatika
na fundi yuko mwisho wa pindo.

Nilikaa ukingoni mwa barabara, kiatu mkononi,
nikauangalia mguu kama karani anavyoangalia
hati isiyo na muhuri.
Ndiyo kazi yangu, bandarini: makasha, namba, mihuri.
Kilichokwama najua mlango wa kubisha.
Huu sikujua niupeleke dirisha gani.

Makadara, Bi Rukiya wa mazoezi ya viungo
alinibinya kwa kidole gumba mpaka nikamtaja mamangu.
"Wiki nane," akasema.
Nikamwambia mbio ni baada ya wiki sita.
Hakunijibu.
Aliandika nane, akaizungushia duara.

Basi nikawa mtu wa ngazi.
Vidole vimeshika ukingo, kisigino kinaning'inia,
shusha polepole, inua, shusha,
mara kumi na tano, kisha tena, kisha tena.
Jirani wa juu akipita na ndoo ya maji
siku ya kwanza aliniomba radhi,
ya pili akacheka,
ya tatu akanikabidhi ndoo.

Na barafu.
Friji letu hupoza, haligandishi,
kwa hiyo nanunua kwa Mama Zulekha, chini,
zile ndefu za ukwaju
wanazofyonza watoto wakitoka chuoni.
Naifunga kwa leso ya mke wangu, naikandamiza.
Shee wa mlango wa pili, miaka sita,
hukaa mbele yangu, mikono magotini,
akiilinda kuliko ninavyoulinda mguu.
"Mguu ushapoa?"
"Bado."
"Yayeyuka, we!"
Tumekubaliana: dakika kumi zangu, kinachobaki chake.
Maumivu yangu yana ladha, kumbe,
ila anayeijua ni Shee.

Saa kumi na nusu alfajiri mwili uliamka wenyewe,
haukuwa umepewa habari.
Chini ya dirisha, viatu vyao: Kombe anayeburuta wa kulia,
Nyevu asiyesikika hata akipita.
Naungama: niliwaombea mvua.
Niliwaombea madimbwi, na mbwa mmoja, mkali kiasi.

Wiki ya tano nikadanganya.
Usiku, Mama Ngina, wauza mihogo wakizima majiko,
nikakimbia hatua mia nne. Nilizihesabu.
Ya mia nne na moja, ule uzi.
Bi Rukiya alifungua faili,
akaikata ile nane,
akaandika nane.

Siku ya mbio nilisimama mezani pa maji
karibu na mzunguko, fulana ya kujitolea imenibana.
Kombe alipokonya kikombe, hakuniona,
macho yake yalikuwa ndani, ninapajua huko.
Nyevu ndiye aliyepaza sauti: "Karani!"
Nikamwagia mtu asiyehusika maji ya kichwani
nipate pa kuangalia.

Leo, kwa ruhusa: dakika moja mbio, tatu mwendo,
mara tano, kati ya msikiti na duka la rangi.
Jasho la Mombasa halina habari kwamba ni dakika tano tu,
limenilowesha kama la zamani.
Nimekimbia nikiwa nimetega sikio ndani ya soksi,
kama mtu anayepita mlango wa mwenye nyumba.
Pakawa kimya.

Shee alikuwa ngazini, ananisubiri.
"Mguu ushapoa?"
Nikafungua kinywa niseme ndiyo.
Nikaona uso wake unavyoanza kushuka,
na nikakumbuka duara la Bi Rukiya.
"Kidogo bado," nikasema.
Akainuka, akanyoosha mkono
apewe kumi akanunue.