Ufunguo wa Pili

Yalikuja juu ya lori la mchanga,
masanduku tisini na sita ndani ya fremu moja ya chuma.
Vijana sita waliyateleza juu ya vigogo vya mgomba
hadi mlangoni kwangu, Kiusa, nyuma ya duka la pembejeo.
Benki ilihama na mazulia yake.
Chuma ikakiuza kwa kilo.

Mimi Sifaeli, mchonga funguo wa Moshi:
mlango wa choo, kabati la bibi harusi,
pikipiki ya mtu aliyezamisha wake kwenye mbege.
Kila kimlango hapa kina matundu mawili.
Kulia, wa mwenye mali.
Kushoto, wa mlinzi, yule bwana wa tai
aliyeingiza, akazungusha, akageuka
akatazama ukuta.
Mmoja bila mwenzake ni kipande cha shaba.
Wa mlinzi haukuja na lori.

Skurubu nne, kifuniko, halafu vibamba saba
vimelaliana kama chapati za jana.
Springi huruka;
binti yangu Aikande huisaka uvunguni
kwa sumaku ya spika mbovu.
Nakwangua grisi iliyogeuka ulimbo,
cha tatu nakiweka cha kwanza, cha tano nakirudisha nyuma,
na ufunguo wa zamani ukija kesho
hautatambuliwa,
kama mkwe wa ndoa iliyokufa.

Ndani je? Wote huuliza, ndani je?
Ndani walishakung'uta.
Nilikuta pini mbili, raba, njiti ya kibiriti.
Kwenye la sabini na moja, harufu ya kitenge kipya.
Nikalifunga upesi, isitoke.

Muuza mbegu alichukua ishirini na manne:
mchicha, mnavu, ngogwe, karoti,
akabandika plasta juu ya nambari za benki.
Kinyozi wa Majengo, sita.
Wanakikoba wa Njoro wakachukua thelathini.
Walikuwa na kasha moja la kufuli tatu
na wanawake watatu wa kushika funguo,
mmoja akiugua, mkutano mzima unaugua.
"Sasa kila mtu na lake," alisema mwenyekiti,
"na hilo tundu la kushoto liziba.
Hatutaki mlinzi."

Nikaziba ishirini na tisa kwa lehemu.

Mama Ndeshukurwa alisubiri wenzake wavuke barabara.
"Langu acha yote mawili."
Mama, gharama yake ni mara mbili.
"Najua."
Na wa pili atashika nani?
"Wifi yangu, Kibosho.
Hatusemezani tangu msiba. Ndiyo maana."

Akahesabu noti, akazilamba kidole, akahesabu tena.

"Mwanangu huja saa saba za usiku.
Hulia pale mlangoni, husema hii ni mara ya mwisho.
Analia vizuri, fundi. Tangu mdogo.
Nataka niseme siwezi
na uwe ukweli."

Miaka ishirini watu wananilipa waingie.
Nilikaa na tupa hadi taa ya duka la pembejeo ikazimwa,
nikichonga meno ya huku, meno ya kule.
Nikajaribu wa kwanza peke yake: umegoma.
Wa pili peke yake: umegoma.
Yote miwili, kta,
kimlango kikafunguka taratibu
kama mtu aliyekuwa anasikiliza.

Wake aliufunga kwenye pindo la khanga.
Wa wifi akautia bahasha, akaomba kalamu,
akaandika jina lake, na la baba yake,
akauacha kwangu. Atapita, alisema.

Wiki ya tatu sasa.
Bahasha iko kwenye msumari, juu ya tupa.
Jana usiku kijana alisimama hapa, macho mekundu,
akauliza kama nachonga funguo bila sampuli.
Nikamwambia tumefunga,
nikageuka,
nikatazama ukuta.