Chaki ya Bluu

Tarehe mosi nilitia elfu ishirini,
mita ikatupa uniti ishirini na nane.
Tarehe kumi na saba nikatia ishirini nyingine,
simu ileile, vidole vilevile,
ikatupa ishirini na mbili.
Tarehe ishirini na nne, saa moja jioni, giza.

Okware kinyozi akatoka na mashine mkononi,
mteja nyuma yake, shuka shingoni,
nusu ya kichwa uwanja, nusu kichaka,
akasema watu wote wasikie:
"Adikini, zile sita umezila wapi?"

Sikumjibu. Nilichukua chaki,
ile ya bluu ninayochorea mikono ya gauni,
nikaandika kwenye mlango wangu,
maana karatasi hapa Walukuba hupotea
lakini mlango utauona kesho.

Pesa, nikasema, ni kama kitenge kipya,
ukikifua hurudi.
Ishirini inaingia, kodi inakata pindo lake:
elfu tatu na hamsini na moja.
Kila ukinunua. Haijui Idi, haijui Krismasi.
Halafu ada ya huduma, elfu tatu mia tatu sitini,
mara moja kwa mwezi, uwashe usiwashe.
"Huduma gani?" akauliza Mwalimu Drani.
Mwalimu, mimi ni fundi wa nguo.
Kinachobaki ndicho kinachogeuka mwanga.
Uniti kumi na tano za mwanzo zina bei ya huruma,
mia mbili hamsini.
Zikiisha, huruma imefunga duka:
mia saba hamsini na sita, mpaka mwezi ugeuke.

Kwa hiyo tarehe mosi tulikatwa ada
lakini tukanunua huruma.
Tarehe kumi na saba, ada hakuna,
na huruma hakuna.
Zile sita, Okware, sikuzila mimi.
Zimeliwa na bei.

Friji ya Kagoya ilikuwa imenyamaza,
inavuja taratibu juu ya sakafu,
juisi yake ya ukwaju inapata joto.
"Tunakaa jirani na bwawa," akasema,
"mwendo wa bodaboda moja,
na umeme tunauziwa kama wageni."
Kisha akanyanyua kichwa:
"Mbona kila chumba kisiwe na mita yake?
Vyumba vinne, huruma nne,
kumi na tano mara nne!"

Tukashangilia. Hata yule mteja alipiga makofi,
nywele zikamdondoka mabegani.
Nilishangilia na mimi, sitaficha,
ila mkono wenye chaki haukusimama.

Elfu tano kila chumba.
Toa kodi.
Toa ada, kila mita na ada yake.
Inabaki mia nane sabini na saba.
Uniti tatu na nusu.
Mara nne, kumi na nne.

Niliitazama ile kumi na nne
kando ya ishirini na nane
kama ninavyotazama nguo ya mtu niliyoikata vibaya.
Hakuna aliyesema kitu.
Kumbe huku kugombana kwetu
ndilo punguzo letu.

"Na mimi?" akauliza mteja, akishika upande wenye kichaka.
"Niende kanisani hivi kesho?"
Akatoa elfu mbili zake mwenyewe.
Nikabonyeza namba ishirini, Drani akinisomea
kwa sauti ya imla, na mkato baada ya kila nne.
Mita ikalia. Uniti mbili na punje.
Kagoya akachomoa friji bila kuambiwa,
mimi nikazima taa yangu,
mashine ikaanza kunguruma.

Sijaufuta ule mlango.
Usiku nilisikia kandambili nje, nikachungulia:
Mwalimu, tochi mdomoni, anahesabu upya kwa vidole.
Akaongeza nukta moja baada ya mia nane sabini na saba,
na senti ishirini na tisa,
akaenda kulala.