Nusu ya Tao

Mwaka ule kamati ilikuja na bahasha nyembamba.
Don Pompilio aliiweka mezani, kando ya koleo na balbu zilizoungua,
akasafisha koo. Mizeituni imekufa, Vitantonio,
alisema, kana kwamba baba haioni kila asubuhi
ikisimama kijivu barabara nzima hadi baharini,
mikono juu, kama watu waliosalimu amri.
Hela hii ni ya nusu.

Baba alihesabu noti. Akahesabu tena, polepole,
kwa kidole gumba kilichozoea nyundo miaka arobaini.
Basi, akasema, nitawajengea nusu.

Sisi ni paratori. Ndivyo tunavyoitwa huku kisiginoni mwa Italia,
watu wa kusimamisha kanisa la mbao mbele ya kanisa la mawe
na kulibomoa kabla mkate wa sikukuu haujakauka.
Babu aliwasha kwa karabai, na nyusi zake hazikuota tena.
Babu yake aliwasha kwa mafuta ya zeituni ndani ya bilauri,
mafuta yaleyale ambayo sasa hatuna hata ya kukaangia kitunguu.
Baba anawasha kwa umeme.
Mshika swichi ni mimi.

Majira yote ya baridi nilikaa ghalani, ndani ya koti la marehemu mama,
nikijaribu balbu moja moja: hii hai, hii mfu,
hii inasitasita kama mtu anayetaka kuungama.
Nyekundu elfu tatu. Kijani. Buluu ya shingo ya tausi.
Vidole vyangu vilinuka rangi hata Jumapili.

Agosti tukachimba mashimo uwanjani.
Nguzo zikapanda kwa kamba na matusi,
maana baba hawezi kusimamisha nguzo bila kumtukana mtakatifu mwenyewe,
kisha humwomba radhi akishuka ngazi, kipago kwa kipago.
Penye miti hapana wajenzi;
kwetu wajenzi tupo, miti ndiyo iliyotuaga.
Upande wa kushoto ukachanua: maua ya mbao, duara ndani ya duara,
matao yaliyotobolewa kama lesi ya shangazi Addolorata.
Upande wa kulia: mbingu tupu, popo, na duka la dawa.

Addolorata alikuja na kiti chake saa mbili kabla ya wakati.
"Vitantonio, umemkata mtakatifu mkono?"
Baba hakujibu. Mdomo ulijaa misumari.

Usiku ukaiva. Bendi ikanyamaza,
mpiga tarumbeta akatikisa mate yake juu ya mawe ya uwanja.
Baba akaninyooshea kidole.

Nikashusha swichi.

Kuna sauti ambayo watu huitoa,
si shangwe, si kilio, ni pumzi iliyosahau ilikuwa inakwenda wapi.
Nusu ya kanisa ilisimama hewani, inawaka,
na pale mbao zilipokoma
niliona vichwa vyote vikigeuka,
polepole, kutoka kushoto kwenda kulia,
vikilifuata tao hadi mahali ambapo halikuwepo,
vikipanda nalo, vikipinda nalo, vikishuka nalo
hadi chini, mlangoni mwa duka la dawa.
Mtoto mmoja mabegani mwa baba yake akaelekeza mkono gizani:
ile ya buluu ndiyo nzuri zaidi.

Addolorata alifuta macho, akasingizia moshi wa lozi.

Siku ya tatu tulibomoa. Balbu zikarudi masandukuni,
kila moja ndani ya gazeti lake la habari mbaya.
Don Pompilio akapita, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mwizi,
nusu ile nyingine mtaiweka wapi.

Baba alimsikia kutoka juu ya ngazi,
nyundo mkononi, jua kisogoni.
"Iacheni palepale," akasema.
"Ile kamati haijailipia."